Picha ya Jikoni kwa Bi Mwanasiti

Jumatatu, 5 Mei
Tena kwa Bi Mwanasiti, kijijini, mbele ya Msambweni. Siku ya tisa. Amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi, nami nimechuchumaa karibu na majivu na kamera yangu. Hapa waliuawa wanaume watatu, mmoja mmoja, milangoni kwao. Waliofanya hawajajulikana. Wapiga picha walikuja, wakapiga damu, wakaenda zao. Mimi nawataka waliobaki: wanavyopika, wanavyosuka makuti, wanavyofunga madirisha kabla ya magharibi. Kila mtu namwomba ruhusa kwanza. Najivunia hilo.

Jumatano, 7 Mei
Studio, Ukunda. Asubuhi picha za pasipoti. Mchana nimechagua ishirini za maonyesho ya Mombasa, nikazituma. Ile ya nazi ndiyo bora. Mwanga umeingilia mlango wa nyuma. Nimefurahi kupita kiasi.

Alhamisi, 8 Mei
Nimempelekea Bi Mwanasiti nakala yake. Ameitazama kitambo. Kisha kidole chake kikaenda penye mlango wa nyuma. Kuna mtu pale, nusu uso, ameshika kikombe. Nilipopiga sikumwona. Nilipochagua nilimwona, nikadhani ni jirani.

"Huyo ni Hamisi," akasema.

Mwanawe. Kijiji kizima kinaamini yuko Tanga. Aliwaona waliomuua jirani yao, akakimbia. Amerudi mwezi uliopita, anajificha chumba cha ndani, anawangoja watu wa haki za binadamu wamwondoe.

"Mwanangu, picha hii imeonwa na nani?"

Nikamwambia ukweli. Hakunifokea. Afadhali angenifokea.

Maonyesho yanafunguliwa Jumamosi. Nimempigia msimamizi mara saba. Hapokei. Ruhusa niliyojivunia! Naogopa vibaya.

Ijumaa, 9 Mei
Feri ya alfajiri. Msimamizi nimemkuta juu ya ngazi. Picha imeshatundikwa ukuta wa mbele, kubwa kama mlango. Hamisi anaonekana hadi kovu la kidevuni. Nikasema iteremshwe. Akasema hiyo ndiyo roho ya maonyesho, tutaufifiza uso. Nikasema nyumba inajulikana, mama anajulikana. Uso ukifichwa, watu watauliza umefichiwa nini. Akauliza kwani ni nani.

"Siwezi kukwambia, kaka. Iteremshe, au nitazichukua zote ishirini."

Nilikuwa nimeishika ngazi yake, sikuiachia. Akaiteremsha. Nimeikatakata mwenyewe kwa mkasi. Nimesimama nyuma yake hadi ameifuta kwenye kompyuta. Hakuna aliyeiona ila yeye na fundi wa kuchapa, na fundi huyo hawajui watu wa huku. Kadi za mwaliko? Zina picha ya makuti. Alhamdulillahi.

Nimelia kwenye feri, mbele za watu. Sikujali.

Jumapili, 11 Mei
Nimemweleza Bi Mwanasiti yote. Akasema, "Haya. Karibu ule." Wali na samaki wa kupaka. Tukiwa tunakula, Hamisi akatoka chumbani. Mwembamba, mpole, mdogo wangu kwa miaka michache.

"Salaam aleikum, dada. Na mimi nina kosa. Nilichoka kutazama ukuta, nikatoka na chai yangu."

Mamake akamtazama, akacheka. Sisi pia. Sikuwa nimewahi kumsikia Bi Mwanasiti akicheka, siku zote hizi.

Jumanne, 27 Mei
Hamisi aliondoka Ijumaa. Jana alipiga simu. Amefika salama, ameshaandikisha aliyoyaona. Anakokaa hata mamake haambiwi, na mamake anasema ndivyo anavyotaka.

Leo nimekwenda kumjulia hali Bi Mwanasiti. Nimemkuta amelala barazani, mchana, kinywa wazi, mguu mmoja umetoka nje ya mkeka. Jirani anasema amelala tangu adhuhuri. Kamera sikuitoa. Nimeketi kando yake, namfukuzia nzi kwa ncha ya leso. Baadaye akafumbua macho, akauliza kama wameshaadhini alasiri. Nikamwambia bado. Akageukia upande wa pili, akaendelea kulala.