Nkungu Kwenye Kava

Jumamosi, jioni. Mbinga baridi yake ile ile, nimejifunika blanketi la mama, ila jua la Lituhi, kule ziwani, bado linaniwakia usoni. Nina furaha mpaka naandika huku nikicheka peke yangu.

Leo tumepiga picha ya kava!

Kwa anayepita hapa mara ya kwanza: sisi ni bendi ya roki, watu watatu, na ndiyo, tuko Mbinga, acha kucheka. Osmund anapiga ngoma. Siku za kazi anaendesha lori la makaa ya mawe kule Ngaka. Fadhili, bwana shamba aliyehamishiwa huku kutoka Tanga, anapiga gitaa. Mimi napiga besi na kuimba. Redio zinataka bongo fleva, mtaani wanataka rumba na kwaya. Sisi tukasema liwalo na liwe, tukarekodi albamu nzima. Ilibaki kava tu.

Sasa ukweli wangu. Mama hajui. Mama ni mwenyekiti wa kwaya parokiani, na anaamini kila Jumamosi naenda mazoezi ya kwaya ya vijana. Akikuta sura yangu kwenye kava la muziki wa makelele, patachimbika. Kwa hiyo niliwaambia wenzangu mapema kwamba mimi napigwa picha ya mgongo. Osmund akanuna.

"Mwimbaji hana sura, tutamuuzia nani?"

Nikamwambia ana sura yake, auze hiyo.

Tuliondoka asubuhi na pikapu ya kuazima. Ngaka tukamchukua Osmund akitoka zamu ya usiku, vumbi la makaa mpaka kwenye kope. Mpiga picha wetu, mzee Zeno, ambaye kazi zake ni harusi na kipaimara, akatoa leso amfute. Tukapiga kelele wote, asiguse, hiyo ndiyo roki yenyewe! Akatutazama kama mtu aliyekosea gari.

Ufukweni Lituhi joto, ziwa limetulia tuli. Sisi tulitaka anga lenye hasira na moshi mweusi nyuma yetu. Fadhili alibeba tairi kuukuu la kuchoma, mtendaji wa kijiji akasema thubutu. Basi tukabaki na anga la bluu, na mzee Zeno akitupanga: mrefu katikati, mikono mbele, msitoe meno. Nikageuka. Akashusha kamera.

"Binti, umegombana na wenzio?"

Akapiga weee. Kila picha tulifanana na kamati ya chama cha ushirika, mjumbe mmoja kasusa.

Mara akina mama waliokuwa wanaanika dagaa wakaanza kuita, "Nkungu! Nkungu!"

Kwa nyinyi wa milimani: nkungu ni vidudu vidogo vya ziwani. Wanapanda kutoka majini kwa wingi usiosemeka, ukiwaona kwa mbali unaapa ni moshi. Moshi wetu huo, umekuja wenyewe! Upepo ukawaleta ufukweni, na akina mama wakatoka mbio na nyungo na masufuria waliyoyalowesha maji, wanayazungusha hewani ili vidudu wanase. Wanakandwa kama mkate, kitoweo hicho. Mama yangu ni Mnyasa wa hapo hapo, kuolewa ndiko kulikompandisha kwenye kahawa huku juu. Hadithi za nkungu nimekula nazo ugali tangu utotoni, ila kukamata, sijawahi.

Bibi mmoja akanisukumia ungo. "Wewe wa gitaa, umesimama nini?"

Jamani, nilisahau kila kitu. Nikaingia katikati na besi yangu mgongoni, ungo juu, vidudu kwenye nywele, masikioni, mpaka puani. Fadhili kajifunika shati, anapiga chafya. Osmund anacheka, meno tu ndiyo yanaonekana. Na mzee Zeno, sijui nini kilimwingia, akaacha kutupanga akawa anapiga tu.

Tulipoziangalia picha kwenye pikapu hakukuwa na ubishi. Wingu jeusi nyuma, ungo hewani, na sura yangu yote, inacheka. Hata Osmund hakunitania.

"Uamue wewe, dada," Fadhili akasema. "Ukikataa, tunachukua ile ya mgongo."

Mzee Zeno akanirushia ile picha kwenye simu. Njia nzima ya kupanda nilikuwa naifungua, naifunga. Niliipenda picha ile, na nilimwogopa mama.

Nilipofika nikamwamkia, nikampa mkate wa nkungu ambao bibi yule alinifungia kwenye jani. Aliunusa kabla hajaitikia shikamoo yangu. Akakaa.

"Nani kakupa?"

"Nimekamata mwenyewe, mama. Na wenzangu wa bendi." Nikampa simu kabla woga haujanirudia.

Akaitazama. Akaisogeza karibu, akaisogeza mbali.

"Ungo umeushika vibaya."

"Mama?"

"Ukiuinua hivyo wanatoroka wote. Unaulaza, unapitisha chini, hivi!" Akanyakua sinia la chai, akaanza kulizungusha sebuleni, mama yangu mwenyekiti, akizunguka na kanga yake mpaka paka akakimbia. Sijawahi kumwona hivyo. Nikalia na kucheka kwa pamoja.

Nikamwambia hiyo ndiyo picha ya kava, watu wataiona.

"Mbinga nzima?"

"Na Songea, Mungu akipenda."

Akamega mkate, akatafuna taratibu. "Basi rudini mkapige tena. Lituhi yote itasema sikukufundisha. Na hayo mambo ya kwaya ya vijana tutayaongea kesho, baada ya misa."

Osmund nimeshamtumia ujumbe: sura ipo, na picha ni hii hii, haibadilishwi.

Sasa mama nitamwambiaje kwamba haturudi kupiga tena?