Samaki Asiye na Kichwa

Jumatatu, 3 Machi
Kitabu kimeisha. Kurasa arobaini na nane za kukata, kubandika na kupaka rangi, kwa watoto wa miaka sita — mtengenezaji miaka hamsini na mbili, mgongo hoi. Gundi imefika hadi kwenye nyusi. Mke wangu kauliza kama meza ya chakula bado ipo humu ndani au niliiuza. Ipo, bibie, chini ya karatasi.

Kinaingia mtamboni Ijumaa. Mhariri kanikumbusha kwa upole unaotisha: baada ya kitabu changu kilichopita, ambacho stika zake zilinata kila mahali isipokuwa kitabuni, wakubwa wa kampuni hawakunitaka tena. Yeye ndiye aliyenikingia kifua.

Jumanne, 4 Machi
Nimelala.

Jumatano, 5 Machi
Nakala ya majaribio imeletwa, inanukia wino. Nikamwita binti wa dada yangu, mkaguzi wangu mkuu, darasa la kwanza. Akakata kinyago cha simba, akakivaa, akaningurumia. Nikajiona fundi! Akafungua ukurasa.

"Mjomba, mbona huyu samaki hana kichwa?"

Kichwa kilikuwa nyuma ya simba. Kimeondoka naye.

Miezi mitano najaribu kila zoezi kwa karatasi zilizochapwa upande mmoja. Printa yangu haijui upande wa pili — na mimi nikasahau kwamba kitabu kinao! Nimehesabu: karatasi kumi na moja ziko hivyo. Kata hiki, umeua kile.

Mke wangu kacheka mpaka kakaa chini. Kisha kaniona uso, kaenda kuchemsha chai.

Alhamisi, 6 Machi
Nimempigia mhariri. Nikamweleza yote. Kurasa haziongezeki. Nikiondoa mazoezi kumi na moja, nyuma ya kila picha ya kukatwa pabaki patupu, kitabu kitakuwa sawa. Ila jalada limeshachapwa, maelfu: MAZOEZI 40! Yatabaki ishirini na tisa. Kuyatupa majalada lazima mtu akaungame kwa wakubwa, na saini iliyonidhamini ni yake.

"Watoto hawaandiki barua za malalamiko, kaka," kasema. Hakuniambia ninyamaze. Wala hakuniambia niseme.

Jioni mkaguzi mkuu kamchorea samaki kichwa kipya kwenye kipande cha gazeti. Katoa ulimi nje kwa makini. Hakikuenea. Kalia.

Ijumaa, 7 Machi
Alfajiri nimeondoa yote kumi na moja. Yaliyobaki nimeyajaribu pande zote mbili, kwa mkasi. Nimemtumia mhariri ujumbe: tupa majalada, nakuja kusema mwenyewe.

Naandika hapa kwenye benchi, nje ya ofisi ya wakubwa. Shati nimelivaa la harusi ya shemeji, halifungi tumboni. Mhariri yuko pembeni yangu, kashika faili kama ngao.

Katibu katoka: aingie mwenye kitabu, mmoja tu.

Nimesimama. Naye kasimama. "Keti, dada, hili langu." Haketi! Katibu anatutazama, mlango kaushikilia kwa mguu —