Shimo Nililolimwagia Maji ya Moto

Kibagabaga, 1991

Mwanangu mpendwa Godeliva,

Pokea salamu za nyumbani. Bibi yako anakusalimu, mguu wake umepoa kidogo. Dada yako Konsolata anakusalimu, na mchumba wake pia. Kaka yako Faustini anakusalimu, bado yuko na useremala wake kule Remera. Hata Gaju, ng'ombe wetu, namtia kwenye salamu, maana wewe ulipenda mavi yake kuliko sura yake. Mimi siko mzima sana. Hii ni barua ya nne. Zile tatu sikupata jibu, na sijui ni hasira yako au ni barabara.

Unakumbuka ile likizo uliporudi kutoka chuo kule kusini na vichupa vyako? Ulipiga magoti kwenye shimo letu la mbolea nyuma ya jiko, ukachukua mabua ya mtama yaliyolainika, ukayanusa kama mtu anayeonja mchuzi. Nikakuuliza, mtoto, tumekusomesha ili unuse uozo? Ukasema humu mna wadudu wadogo, bakteria, jicho haliwaoni, na bua lililoshinda panga wao wanalimaliza. "Hawana meno, mama. Wanatoa vimeng'enya, kama mate hivi, vinalikata bua polepole mpaka linakuwa sukari, ndipo wanakula."

Bibi yako akajibu kutoka mlangoni, "Hata mimi sina meno, na bua sijawahi kulimaliza. Niletee hayo mate." Tulicheka mpaka Gaju akageuka kutuangalia.

Ukachomeka vijiti vitatu kwenye kona moja. Ukasema pale kuna joto kuliko kwingine, na wadudu wa pale hujawapata katika shimo jingine lolote. Kazi yako yote ya chuo iko pale. "Usiwaguse, mama. Uwape tu mabua na mavi ya Gaju." Nikakubali. Nilikubali kwa mdomo.

Halafu ikaja siku ya wakwe kuja kumposa Konsolata. Wewe ni mtoto wa nyumba hii, aibu unaijua. Wageni wakae uani na pombe ya ndizi mbele yao, harufu ya shimo iwafikie? Nilifanya alivyonifundisha mama yangu: majivu ya jiko kikapu kizima, kisha maji yanayochemka, sufuria nne. Harufu ikafa. Wakwe wakausifu ua wetu, nami nikafurahi.

Ulipokuja tena kutoka chuo ukatia mkono kwenye kona yako, ukauacha humo muda mrefu. "Mama, umemwaga nini humu?" Nikakuambia. Hukupiga kelele, na ningependa ungepiga. Ulisema tu, "Umenipikia kazi ya miaka miwili," ukachukua mfuko wako, ukashuka Remera kupanda basi bila kula. Maharage yako niliyafunika mpaka kesho yake.

Tangu hapo kimya, miezi mitano. Na tangu vita vianze unajua barabara zilivyo, watu wanashushwa kwenye basi, karatasi zinaangaliwa, wengine hawapandi tena. Faustini anasema, "Mama, kachukia tu, atapoa." Namjibu ndiyo. Nikienda kisimani nasahau ndoo. Kila basi la kusini likifika Remera nasimama kuangalia miguu inayoshuka, maana miguu yako naijua kabla ya uso.

Sasa sikia. Juzi nimekumbuka kwamba kabla ya yale maji nilimpa Mama Dativa wa Ndera mbolea ya kona ileile, kwa ajili ya kabichi zake. Nikaenda kwa miguu. Alikuwa amebakiza kidogo chini ya migomba. Nikaifunga kwa kitenge changu kizuri, nikaibeba kichwani. Kwenye kizuizi cha barabarani askari wakaniuliza, "Mama, humo iko nini?"

"Mbolea."

"Mbolea gani inavaa kitenge?"

"Iko ya binti yangu."

Wakachoma fimbo, wakanusa, wakasema pita haraka. Sijawahi kuipenda harufu kama siku ile.

Nimechimba shimo jipya, nikaimimina humo. Nimewapa mabua, nimewapa mavi ya Gaju, majivu hata chembe hapana. Asubuhi hii nimetia mkono, kuna joto. Lakini mimi ni mtu wa madarasa mawili ya Kiswahili kule Bujumbura, hata Kiswahili hiki nakiandika nikifuata mstari kwa kidole. Sijui kama ni wale wako au ni wengine. Wao siwaoni, na wewe sikuoni.

Mvua imekaribia. Nisipofunika shimo, maji yataingia wapoe. Nikifunika, labda watakosa hewa. Nisije nikawaua mara ya pili, Godeliva. Kunisamehe kutangoja. Andika neno moja tu, "funika" au "usifunike", umpe dereva yeyote wa basi anayefika Remera, Faustini atalipokea. Fanya upesi, mwanangu. Nikiuona mwandiko wako, hata uwe wa hasira, nitajua mkono ulioandika upo.

Mimi mama yako,
nimeshika majani ya migomba, nangoja neno lako.