Wote Wananitaka Niwe Shahidi wa Kaburi

Mama Evanthia wa gazetini, shikamoo. Mimi si mtu wa kuandika barua, hii ni ya kwanza tangu nizaliwe, niliishia darasa la sita nikaenda kuchunga kondoo wa babu, baadaye manispaa wakanipa kazi makaburini, kwa hiyo ukikuta nimekosea usinicheke mbele ya watu, nisaidie tu, maana nimechoka na mji huu mpaka nikisikia mtu anataja neno ushahidi natamani kuingia shimoni nijifukie mwenyewe.

Kazi yangu unaijua. Nachimba, nazika, ikifika miaka mitatu nafukua, familia inakuja na divai na kitambaa cheupe, padri anasoma, mifupa inaoshwa, inaingia kwenye sanduku lake. Na watu wanaangalia rangi. Ikiwa ya njano kama nta wanasema roho imepumzika. Ikiwa nyeusi wananong'ona. Na kama mwili haujaisha, hapo hata wa kunong'ona hayupo, wanafanya ishara ya msalaba wanarudi nyuma, maana wanajua huyo kafa na laana au kuna mtu hajamsamehe.

Sasa mwezi wa kwanza nilifukua wawili ndani ya wiki moja. Wa kwanza Thrasivulos, yule fundi wa reli, ambaye maisha yake yote alikuwa anasema hakuna Mungu, Ijumaa Kuu anakaa dirishani mwa mgahawa anakula nyama choma ili waliotoka kanisani wamwone vizuri, na akazikwa bila padri kama alivyotaka. Katoka njano kama asali, fuvu linang'aa. Siku tatu baadaye nikafukua Mama Polikseni, aliyeoka mikate ya kanisa miaka thelathini, hajawahi kukosa ibada hata siku ya theluji. Hajaisha. Yupo vilevile, nywele zake na kitana chake. Na binti yake Asimina alikuwa amesimama palepale na chupa ya divai mkononi, hakulia, akaiweka chini taratibu kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto, nami nikamfukia mama tena palepale.

Basi, mji ukapata kazi. Mgahawani kuna meza mbili, zimekuwepo tangu zamani. Moja ya Mwalimu Kleanthis, mstaafu, na wenzake wasioamini, nyingine ya Mzee Stergios anayeongoza nyimbo kanisani, na katikati kuna jiko la kuni, mimi ndipo ninapokaa, maana pale watu hunisahau. Zamani walikuwa wanabishana mambo ya dunia iliumbwaje, ukichoka unasinzia. Sasa wanabishana kaburi langu.

Mwalimu Kleanthis anasema mnaona, mtu safi hata bila Mungu wenu anatoka safi, na wale wa mikate mmeona wenyewe. Mzee Stergios anasema Thrasivulos alitubu kimoyomoyo dakika ya mwisho, ndiyo maana kawa njano, na Mama Polikseni, Mungu amrehemu, lazima kuna jambo alificha. Nikakaa nikajiuliza, huyu hajawahi kumwona Thrasivulos akitubu, hajawahi kumwona Mama Polikseni akificha, amejuaje? Na Mwalimu, miaka yote kasema mifupa ni chokaa tu haina habari, leo mifupa imempendeza, imekuwa na habari.

Siku moja nikajitutumua. Nilimfuata Mwalimu akiwa peke yake nikamuuliza, je, udongo hauwezi kuwa sababu? Akafurahi, akaniambia ndiyo kijana, kemia hiyo, Polikseni ni udongo tu. Nikamuuliza na Thrasivulos? Akasema, "Aa, Thrasivulos ni tofauti, yule mtu hakuwahi kudanganya." Nikamfuata Mzee Stergios nikamuuliza, je, kama maji hayakufika vizuri kwenye jeneza? Akanitazama akasema, "Na mvua analeta nani, mwanangu?" Nikaondoka.

Mama, mimi nimefukua makaburi mia na arobaini na kitu. Thrasivulos alilala upande wa juu, udongo wa kichanga, pale hata punda angetoka njano. Mama Polikseni alilala upande wa chini karibu na mtaro, udongo wa mfinyanzi mtupu. Upande ule nimefukua kumi na moja, saba hawakuwa wameisha, na mmoja kati ya hao alikuwa mtoto wa miaka miwili. Miaka miwili. Alimlaani nani? Hakuna meza hata moja iliyowahi kuniuliza umefukua wangapi. Wanao wawili, wanawatosha.

Sasa wamepanga mjadala mkubwa Jumamosi ya Wafu, wiki tatu kutoka leo, kwenye ukumbi wa chama cha utamaduni, na wanataka nisimame mbele. Mzee Stergios kanishika bega, "Wewe sema ulichoona tu." Mwalimu Kleanthis kaninunulia kahawa, "Wewe sema ulichoona tu." Maneno yaleyale, hata hawakuambiana. Mimi nikisimama mbele ya watu watano natoka jasho, itakuwa ukumbi.

Lakini siyo hilo linalonifanya nikuandikie.

Asimina anafanya kazi duka la mikate. Siku mbili kabla mama yake hajafa kwa ugonjwa wa moyo waligombana, Asimina alitaka kwenda Volos kufanya kazi ya ushonaji, mama akakataa, Asimina akamwambia sitakanyaga tena nyumba hii, na kweli hakukanyaga mpaka alipoitwa kuja kumvalisha nguo za kuzikwa. Kwa hiyo sasa anasema laana ni yeye. Anasema mama hajaisha kwa sababu anamngoja. Tangu siku ile ya kufukua anakula mkate na maji tu, wiki iliyopita alianguka kwenye foleni ya wateja, mimi nilikuwa nyuma kwenye foleni, kawa mwepesi kama kikapu. Na amesema Jumatatu ya kuanza Kwaresima anaingia nyumba ya watawa milimani, siyo kwa kuitwa, mwenyewe anasema ni kwenda kulipa. Nilimwambia Asimina, wewe hujakosa. Akaniuliza, "Wewe unajuaje, Zisis? Wewe si unachimba tu?" Nikanyamaza.

Najua kwa sababu ni mimi.

Siku tuliyomzika mvua ilinyesha kama inamwagwa na ndoo, shimo limejaa maji, jeneza limeshaingia, watu wanataka waondoke, na Asimina amesimama ukingoni hana mwavuli, hasemi na mtu, anasema peke yake, "Mama analowa. Mama analowa." Basi wote walipogeuka kwenda kula ngano ya kuchemsha ya msiba, na yeye akasogea kujikinga chini ya mti, nilikimbia nikachukua nailoni nene ya kufunikia trela la pamba la binamu yangu, nikashuka shimoni nikalifunga jeneza, chini, juu na pembeni, nikakaza na kamba, vizuri kabisa, kama mtu anavyofunga zawadi. Nikapanda juu nikamfuata chini ya mti nikamwambia, mama halowi tena, sikusema kwa nini. Akanishika mkono wenye tope. Ndiyo mara ya kwanza aliwahi kuniangalia.

Msimamizi wetu wa manispaa alishatukataza nailoni, alituambia kabisa mtu hawezi kuisha humo. Nilijua na nilisahau, au sikusahau, sijui. Mwezi wa kwanza nilipofika kwenye kifuniko, kabla sijaita familia, niliiona. Nikaikata kwa koleo nikaificha chini ya madongo kwenye toroli, nikaipeleka kibanda cha vifaa. Ipo mpaka leo, nimeikunja nyuma ya magunia ya chokaa. Kamba ipo na fundo langu.

Nikisema, manispaa watanifukuza, na Asimina atajua mama yake amelala miaka mitatu ndani ya nailoni kwa ajili yangu. Nikinyamaza, anakwenda milimani. Nikisema ukumbini, Mwalimu ataruka juu ya meza kwa furaha, na Mzee Stergios ataniuliza ni nani aliyeuelekeza mkono wangu kwenye nailoni. Na mimi mwenyewe naamini, Mama, nawasha mshumaa kila Jumapili, sitaki kuwa mtu wa meza ile wala ile. Nifanye nini? Majina utakayoandika gazetini badilisha.

Zisis, mchimba makaburi

*

Zisis mwanangu, marahaba. Majina nimebadilisha, hata lako, lakini tusidanganyane, wachimba makaburi wenye nailoni nyuma ya chokaa hawajai uwanda huu. Ndiyo maana jibu hili nimekutumia kwa posta wiki nzima kabla ya kulichapa. Gazeti linatoka Ijumaa, siku moja kabla ya mjadala wao, na linauzwa duka la mikate. Usiliache likutangulie.

Nianze na wale wazee wawili, maana wameniudhi na nataka niwamalize. Unashangaa kwa nini hawakukuuliza umefukua wangapi? Kwa sababu ungewajibu. Mtu anayetafuta ukweli huuliza swali ambalo jibu lake linaweza kumkera, na hao wamekaa mgahawani miaka ishirini wasikereke. Mwalimu anakubali udongo ukimsaidia, Stergios anakubali mvua ikimsaidia. Usiwape kaburi la mtu wapigie meza. Kama Mungu yupo, hahitaji rangi ya mfupa kumjua Polikseni, alishakula mikate yake miaka thelathini. Na kama hayupo, basi Thrasivulos hakuoshwa na ukweli wake, alioshwa na udongo wa kichanga. Mshumaa wako endelea kuuwasha, hakuna nailoni iliyouzima.

Sasa wewe. Umenisikitisha, na umenikasirisha pia. Umeandika kurasa nne unalalamika kwamba watu wanachagua ushahidi unaowapendeza, halafu ushahidi wenyewe umeukunja nyuma ya magunia. Una makaburi mia na arobaini kichwani, una mtoto wa miaka miwili ambaye kwa kumtaja tu ungemvusha yule binti nusu ya njia, na alipokuuliza unajuaje, ukanyamaza. Unawashangaa Kleanthis na Stergios? Vuta kiti, meza ya tatu ni yako.

Unasema unaogopa manispaa. Ogopa, ni haki yako, nailoni ilikatazwa na wewe ulijua. Lakini kazi hupotea ikapatikana nyingine. Msichana anayekula mkate na maji huku akijiita laana, huyo akipotea umempoteza. Na tuseme ukweli, siyo manispaa unayoogopa. Unaogopa ule mkono wenye tope. Miaka mitatu umeishi kwa kuangaliwa mara moja, na unaona ukisema, hata ile mara moja itafutwa. Inawezekana. Nenda hivyo hivyo.

Nenda mchana, nyumbani kwake, siku ambayo duka limefungwa. Usiende mikono mitupu na maneno, maneno kashashiba. Chukua nailoni, chukua kamba na fundo lako, na kabla hujaondoka kibandani andika kwenye karatasi wale kumi na moja wa upande wa mtaro, mmoja mmoja, jina na umri, na yule mtoto mtaje wa kwanza. Peleka na mkate wenye kitu ndani yake, jibini, mayai, chochote, na usianze kuongea mpaka aume kipande. Akikataa kuuma, kaa umngoje.

Atakuuliza kama Mungu ndiye aliyeutumia mkono wako. Watu wetu huuliza hivyo. Usimjibu kwa Mungu, humsemei. Mwambie unachokijua: udongo ule, maji yale, fundo lile. Na kuhusu ugomvi wake na mama yake usimwambie hajakosa, kwa sababu hilo hulijui, na yeye anajua kwamba hulijui, ndiyo maana hakukuamini. Alimwacha mama yake kwa hasira na mama akafa. Hilo ni zito, litabaki zito, atalilia kama tunavyolilia wote tuliochelewa. Lakini ni huzuni, siyo hukumu, na huzuni hailipwi kwa kufungiwa milimani. Kama baada ya kuiona nailoni bado anataka utawa, aende, atakuwa ameitwa.

Kisha nenda kwa msimamizi, jisemee mwenyewe kabla hajaambiwa. Kisha kwa padri, umwombe Mama Polikseni ahamishiwe kwenye kichanga upande wa juu, na shimo uchimbe wewe, hata kama siku hiyo umeshafukuzwa kazi.

Ukumbini usiende. Wakikutafuta, waambie shahidi amekwenda kwa mwenye kesi.

Na akikuuliza kwa nini ulifunga lile jeneza, na atakuuliza, usilete udongo tena wala msimamizi. Mwambie ulimsikia akisema mama analowa, na hukuweza kuvumilia. Halafu nyamaza kama ulivyozoea. Kimya chako, hapo ndipo mahali pake.