Kikuku cha Shemeji

Jumatatu, 3 Machi
Mahakama imemvisha shemeji kikuku cha setilaiti mguuni. Anastahili! Kamvunja mkewe, mdogo wangu, mkono kwa mpini wa jembe. Sasa ni kidoti chekundu kwenye skrini yangu hapa kituoni. Mdogo wangu ana kifaa chake mkobani — kidoti cha buluu. Wakikaribiana, kengele inalia, tunatuma gari. Hapa kazini hakuna anayejua undugu wetu. Nimefunga mdomo.

Jumatano, 5 Machi
Kutwa nzima chekundu kinazunguka mtaa wa mama, alikokimbilia mdogo wangu, pembeni kabisa mwa eneo alilokatazwa. Haingii. Anatuchezea shere! Mkuu wa zamu kasema hajavunja sharti, tumwache. Damu ikanichemka. Nimempigia kaka, nikamwambia: yuko kilabuni, nyuma ya karakana.

Alhamisi, 6 Machi
Kaka zangu wamemponda shemeji. Mbavu tatu, meno, jicho halifunguki. Kaka anasema alilia kama mtoto. Nilicheka. Mama kamkaripia, kaka kamjibu: sasa wamelingana, mkono kwa mbavu.

Ijumaa, 7 Machi
Kengele! Nikadhani shemeji kamfuata. Lakini chekundu kimetulia hospitali — ni buluu kinachokwenda. Mdogo wangu anamfuata mwenyewe! Nimempigia, nikamtukana matusi yote niyajuayo.
"Dada, nusura wamuue. Nani atamwosha?"
Desturi yetu, wakikutana hospitali au mahakamani tunaizima kengele, maana askari wapo. Nimeizima. Sijawahi kumchukia hivi mtoto wa mama yangu.

Jumatatu, 10 Machi
Nimerudi zamu. Kengele bado imezimwa! Niliizima mimi, sikumwambia aliyenipokea zamu. Na vidoti vyote viwili viko nyumbani kwao — tangu Jumamosi, mashine inaonyesha.
Nimepiga simu ya mdogo wangu. Kapokea shemeji, anapumua kwa shida, mpole kupita kiasi.
"Shemeji, wale kaka zako walijuaje nilipo? Namuuliza mke wangu hapa — samahani, mdogo wako — hataki kusema."
Nyuma yake mtu analia. Kishindo. Kingine. Simu ikakatika.
Nimetuma gari. Halafu chekundu kikatoka mbio kuelekea stendi. Buluu hakijatikisika. Gari ni moja tu! Dereva anauliza redioni aende wapi. Nimemwambia nyumbani. Mkuu wa zamu kanifokea: sheria ni kumfuata mwenye kikuku, nina wazimu?
Nimemwambia huyo wa buluu ni mdogo wangu. Kaniachia redio.
Naandika ili mikono ipate cha kushika. Dereva kafika. Anasema mlango umefungwa kwa nje, anagonga, anaita, na buluu bado hakijatikisika —