Fidia ya Mguu wa Domina

Sundbyberg, Stockholm
9 Machi 2025

Mpendwa Domina, mwanangu,

Shikamoo yako ilinifika, marahaba sana. Hujambo wewe, na mguu unaendeleaje? Mumeo Anthony amerudi salama kutoka mazoezini? Sisi huku tu wazima, tunamshukuru Mungu. Baridi imeanza kulegea, ila barafu imeng'ang'ania njia ya kwenda kituoni, nami natembea kama bata. Mume wangu Eliakim bado anakwenda kiwandani Södertälje kila alfajiri. Akirudi analalamikia mgongo, kisha anakula sahani mbili. Mgonjwa gani huyo, sijui.

Sasa nije kwenye lile ulilonieleza kwenye simu. Yule mama aliyekugonga akirudisha gari nyuma pale dukani, bima yake imekubali kukulipa fidia, na wanataka usaini. Nawe unataka ukizipata tu hizo pesa umtumie kaka yako Deo zote, aezeke nyumba ya marehemu baba yenu. Domina, ngoja kwanza.

Unajua kazi yangu ofisini ni hizi hizi fidia za ajali za magari. Sheria za huku si za huko, na sitajifanya wakili wa huko Marekani uliko. Lakini jambo moja linanitia hofu. Hospitali ililipwa na bima ya afya ya jeshi, kwa kuwa Anthony ni mwanajeshi, na kosa lilikuwa la mtu mwingine. Kwa hiyo jeshi lina haki ya kudai lirudishiwe gharama zake kutoka kwenye fidia hiyo. Ukishamtumia Deo zote, wao wakaja kudai, mtazitoa wapi? Mshahara wa Anthony ndio huo huo wa pango na maziwa ya mtoto. Na goti bado linangoja upasuaji mwingine!

Muulize wakili wako waziwazi: jeshi limeshajulishwa, na linadai kiasi gani? Kama hajui, usisaini. Muulize pia kama anaweza kuwaomba wapunguze, maana hujapona. Kuomba si aibu.

Najua lakini kinachokunyima usingizi si wakili, ni Deo. Alinipigia Jumamosi nikimenya ndizi, ati, "Shangazi, mhimize Domina, mvua zinakaribia." Kumbe ameshautangazia ukoo mzima! Jamani, kanzu inakatwa na mwana hajazaliwa. Nikapandwa na hasira, nikamuuliza kama anajua dada yake anatembelea magongo. Kisha akasema polepole, "Magongo? Si alisema aliteguka tu?"

Hapo nikakukasirikia na wewe, sikufichi. Picha zako zote ni za kiunoni kwenda juu, umevaa hereni, unacheka. Watu wa nyumbani wamesikia habari za fidia, mguu wenyewe hawajauona. Wakuonee huruma kwa lipi? Najua hukutaka kumtia mama yako presha. Ila mzigo huu umekuwa mkubwa kwako, mwanangu, na mimi umeniuma.

Basi, wakikuuliza kwa nini hutumi, sema shangazi amekataza. Kwetu binti hapingi neno la shangazi yake, na hao wote wanalijua hilo. Wakitaka kununa, wanune na mimi. Huku nimezoea baridi.

Binti yangu Bella anakusalimu, kwa Kiswidi kama kawaida yake. Namjibu kwa Kiswahili, ananijibu kwa Kiswidi, na kwenye chakula tunaelewana. Msalimie sana Anthony, mwambie namwombea. Mbusu mtoto kwa niaba yangu. Ukiongea na mama yako Veneranda, mwambie wifi yake hajamsahau. Mungu akushike mkono mpaka utakapotembea bila magongo.

Ni mimi shangazi yako akupendaye,
Benedicta

N.B. Nilikuwa nimeshaikunja barua hii, Deo akapiga tena. Nikajiweka tayari kwa ugomvi. Hakutaja mabati hata mara moja. Amemwambia fundi avunje zile ngazi za mbele za nyumba ya baba yenu, aweke mteremko, ili siku ukija usihangaike kupanda. Akaniuliza mtu wa magongo anahitaji mlango wa upana gani. Sikujua. Mpigie umwambie mwenyewe.