Mashine Mpya Haikuniona Uchi, Mama

Kwako Mama,

Nimepita. Naanza na hilo kwa sababu najua wewe ungeliuliza kabla hata ya salamu. Nimepita kwenye mashine yao mpya, nimepanda ndege, nimechagua vitenge kwa mikono yangu mwenyewe, na nimerudi Bujumbura salama. Alhamdulillah. Nakuandikia asubuhi hii nikiwa barazani kwangu Mutakura, marobota yaliyonifuata jana jioni yamejaa ukumbini na bado sijayafungua. Barua naiacha wazi. Wapo wanawake wengine ambao inawahusu, na baadhi yao wanakaa mtaa huuhuu.

Wewe ndiye uliyenifundisha kusafiri. Nilikuwa nimemaliza shule juzijuzi, sijui kitu, nawe tayari soko zima lilikuwa linakujua kwa vitenge vyako. Tukifika uwanja wa ndege ulikuwa unavua bangili zako mapema, kabla ya foleni, unazifunga kwenye leso ili ule mlango wao usipige kelele. Na maji! Walipotukataza kuingia na chupa, ulikataa kuitupa ikiwa na maji ndani. "Mi siwaachii maji ya Mungu," ulisema, ukainywa yote palepale umesimama, watu wakikutazama, halafu safari nzima tukawa tunatafuta choo.

Huko tunakonunua, ulinionyesha kazi. Kitambaa ulikisugua kati ya vidole, ukakinusa, ukalowesha pembe kwa mate na kuibana na kitambaa cheupe uone kama rangi inatoka. Mwenye duka akikasirika ulimchekea tu. Ukaniambia kitambaa hakichaguliwi kwa macho ya mtu mwingine. Hilo nimelijua vizuri mwaka huu.

Kisha ukaugua, wakakuondoa titi la kushoto. Hukulia mbele yetu. Ulipopata nafuu uliketi na sindano, ukashona kifuko cha pamba cha kuweka ndani ya sidiria. Kwanza ulikijaza pamba, ukatembea nacho uani, ukarudi umekunja uso. "Pamba inapanda juu kama mukate," ulisema. "Muchele ndiyo unakaa." Ukajaza mchele, ukakipima mkononi kama unapima nyanya sokoni, ukavaa, na hakuna aliyejua isipokuwa baba na mimi. Mara tu ulipopata nguvu tukasafiri.

Siutaji uwanja ule. Ulikuwa mbali na kwetu, na wale watu pengine hawapo tena. Mlango haukulia, lakini askari mwanamke aliyekuwa anapapasa wasafiri kwa mikono alisimama kifuani kwako, akabonyeza, akabonyeza tena. Akamwita mwenzake. Hukujua lugha yao, na ile kidogo niliyoijua mimi haikutosha kueleza kwamba ni titi la kushona. Ulijaribu kuwaonyesha kwa ishara. Wakakuambia ukitoe kile kitu. Ukakitoa kwa kupitia shingoni, chini ya mtandio, foleni yote ikiangalia. Yule mwanamke akakiweka kwenye meza ya bati, akachukua mkasi, akakikata.

Mchele ukamwagika mezani, kisha chini. Wakauchungulia, wakatazamana, wakakuonyesha kwa mkono kwamba unaweza kwenda. Wewe ukainama. Ulikuwa unaokota punje moja moja kwenye sakafu ile, mtandio umeubana kwa kidevu, upande wa kushoto wa gauni umelala. Mimi nilikuwa nalia. Ukaniangalia kutoka kulekule chini ukasema, "Mutoto wangu, usilie. Ni muchele tu."

Tulinunua mzigo, tukarudi, nawe hukupanda ndege tena mpaka Mungu alipokuchukua. Watu walipouliza ulisema magoti yanakusumbua. Safari zikawa zangu.

Nilizoea, Mama. Nilizoea mpaka maofisa wa hapa kwetu wakawa wananiuliza habari za watoto. Halafu mwaka juzi nikiwa naoga, mkono wangu ukagusa kitu. Daktari aliniuliza kama kuna mtu katika ukoo aliyewahi kuugua hivyo. Nikamwambia, "Mama yangu." Akaandika.

Waliondoa titi langu la kulia. Saidi, mume wangu, ambaye wewe ulimwona ni mtu wa kimya mno, alikuwa ananiosha kidonda bila kugeuza uso hata siku moja. Nilipopona nilipewa titi la bandia la silikoni, zito, laini, lenye rangi inayokaribia yangu. Nilipolishika mara ya kwanza nilikuwaza wewe na sindano yako. Lakini kusafiri nilikataa. Josiane, mfanyabiashara mwenzangu wa Kanyosha anayeuza viatu, akawa ananinunulia vitenge akienda kufuata mizigo yake. Alikuwa ananitumia picha kwenye simu, mimi nachagua, na mzigo ukifika nakuta rangi si ile, au kitambaa ni kigumu kama mkeka. Si kosa lake. Yeye ni mtu wa viatu.

Wateja walikuwa na adabu. Walikuwa wanashika, wanasifu, wanaondoka.

Ndipo zikaja habari za mashine mpya. Josiane alirudi safari moja amechangamka. Anasema katika ule uwanja mkubwa tunakobadilishia ndege, siku hizi maji unaacha ndani ya mkoba, kompyuta hutoi, viatu huvui, foleni inakwenda mbio. Kwake yeye anayesafiri kila mara ilikuwa neema. Lakini kuna kingine, akasema: mtu mwenyewe naye anaingia katika kibanda cha vioo, anainua mikono juu, mashine inamzunguka.

"Inamzunguka inaona nini?" nikamuuliza.

Kabla hajajibu, jirani yetu anayetengeneza redio akadakia kutoka mlangoni kwake. "Inaona mutu vile alizaliwa! Nguo kwake si kitu. Kuna wanaume wanakaa mu chumba, wanaangalia tu."

"We umeshaiona?" Josiane akamjia juu.

"Apana. Lakini wote wanasema."

Usingizi ulinikimbia kwa ajili ya maneno yale. Niliwaza wanaume nisiowajua wakiangalia kovu langu kwenye televisheni, wakiitana. Saidi aliniambia, "Kama roho yako haitaki, usiende. Hatutakufa njaa." Nami nikaridhika, nikasema basi, yameisha.

Kisha wakaja dukani watu wa familia moja ya Gasenyi, wanatafuta sare ya harusi. Mama wa bibi harusi alikuwa mteja wako. Walipindua vitambaa vyote, hawakupata. Akaniuliza kwa upole kwa nini siku hizi siendi mwenyewe kama zamani. Nikafungua mdomo, nikajisikia nikisema, "Magoti, dada. Magoti yananisumbua."

Mama, nilishtuka. Ilikuwa sauti yako ile ile. Walipotoka nilifunga duka mchana, nikampigia Josiane, nikamwambia safari yake ijayo tunakwenda wawili.

Hapa kwetu tulipita asubuhi bila shida, silikoni haina chuma. Ndani ya ndege sikula. Josiane alikula chakula chake na changu. Tulipofika ule uwanja wa kubadilishia, niliviona vile vibanda kwa mbali, vyeupe, na watu wameinua mikono ndani yake kama waliotekwa. Nikasimama. Josiane akanishika kiwiko. "Mi natangulia," akasema. "Nikitoka nitasimama pale. Utaniona."

Akaingia, akainua mikono, akatoka. Nikaitwa mimi.

Niliweka nyayo pale palipochorwa, nikainua mikono. Mkono wa kulia bado unavuta kwapani, sikuweza kuufikisha juu. Kitu kikapita mbele yangu kwa mvumo mdogo, na kabla sijamaliza kusoma dua nikaambiwa nitoke. Askari alikuwa mwanamke wa makamo, anazungumza Kiswahili cha kwao kilichonyooka. Alitazama kioo kama cha televisheni kilichokuwa ubavuni mwa mashine, kisha akanisogelea mpaka karibu, akashusha sauti.

"Mama, mashine inanionyesha kitu hapa kifuani upande wa kulia. Unaweza kuniambia ni nini?"

Sentensi nilikuwa nimeikariri tangu nyumbani, nayo ikatoka imekatikakatika. "Nilifanyiwa operesheni. Ni... titi ni la bandia."

"Pole sana, mama." Hakubadilisha uso. "Ungependa twende chumbani, wanawake peke yetu, au tumalizie hapa?"

"Nitavua nguo?"

"Hapana! Huvui chochote. Utajigusa mwenyewe hapo juu ya gauni kwa viganja, kisha juu ya mtandio, halafu nitakupangusa viganja kwa hiki kitambaa. Kile kijisanduku kinachonusa baruti kikisema sawa, unakwenda."

Sikuamini. Nikamuuliza lile lililoninyima usingizi. "Na picha yangu? Nani ameiona?"

Akanitazama kidogo, akaelewa. Akajisogeza kando ili nione kile kioo. "Hiyo ndiyo picha yako."

Mama, palikuwa na kikatuni. Umbo la mtu lisilo na uso, lisilo na titi hata moja, si mwanamume si mwanamke, kama kile kichoro cha mlango wa choo. Na kifuani kwake mraba mdogo wa njano. Basi. Katika kibanda cha pili alikuwa mzee mnene wa kitambi, naye alikuwa amechorwa vile vile. "Wote mnafanana," askari akasema. "Hata mimi nikiingia, ndiye huyo huyo."

Nikacheka. Nilicheka mpaka machozi yakaja, na yalipokuja hayakuwa ya kicheko tena. Yule mama akaniacha, hakuniharakisha, ingawa nyuma yangu watu walikuwa wengi. Nikajigusa palipo na titi la bandia, nikajigusa kichwani, nikanyoosha viganja, akavipangusa. Kijisanduku kikawaka kijani. "Safari njema, mama," akasema, akamwita mwingine.

Josiane alikuwa amesimama pale alipoahidi, na chupa yake ya maji mkononi, imejaa. Aliyaona macho yangu akataka kwenda kugombana na mtu. "Wamekufanya nini?"

"Hakuna," nikamwambia. "Hakuna walichonifanya." Nikamwomba ile chupa, nikanywa, nikakumbuka njaa yangu. Tukakaa tukala sambusa, nikala kama mtoto aliyetoka kufunga.

Sikudanganyi kwamba mambo yamenyooka dunia nzima. Wakati wa kurudi, katika uwanja mwingine, mwanamke wa zamu alikuwa na kiburi, ananionyesha kwa kidole bila neno. Lakini naye alikuwa na kile kitambaa, alipangusa viganja, nikapita. Kuna viwanja ambavyo bado vina mlango wa zamani na mikono ya watu. Nikifika huko nitaogopa tena. Ila sasa najua kwamba inawezekana mtu akakaguliwa na heshima yake ikabaki mwilini, na laiti wewe ungelipata hata mara moja ukaguzi wa namna hiyo. Kwa hilo moyo wangu bado unauma, katikati ya furaha hii.

Wiki iliyopita nilikwenda hospitali kupimwa. Barazani tunapokaa kusubiri zamu, kuna mwalimu mstaafu tunayemwita Mama Floride, ambaye ameondolewa yote mawili. Binti yake yuko ng'ambo, alikuwa karibu kujifungua mtoto wa kwanza, amemtumia mama tiketi, na mama amekataa. Sababu ni ile ile. Mtu alimwambia habari za mashine.

Nilivuta kiti. Nikamwambia yote, pamoja na kikatuni, pamoja na kilio changu. Nikamwonyesha pale pale namna ya kusimama. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu: "Haina uso kweli?"

"Haina uso, mama."

Akafungua mkoba, akatoa simu, akampigia binti yake mbele yetu sote.

Jana mchana nilikuwa dukani. Simu yangu ikaita mlio wa ujumbe. Ilikuwa sauti ya Mama Floride, imechoka, na nyuma yake kitoto kinalia kwa nguvu zote.

"Nimefika," anasema. "Ni kasichana. Nimekabeba hapa kifuani, kamelala muda wote, ni sasa tu kameamka."

Lala kwa amani, Mama, Mungu akupanulie makazi yako.

Wako uliyemfundisha njia,
Binti yako